Mwisho Uliopitishwa kwa Makofi

Shida ya Eulalie ilikuwa ngoma. Katika kitabu chake cha kwanza, msichana aitwaye Nabintu aliipiga ngoma hiyo kwenye ufuko wa kisiwa cha Idjwi, maji ya ziwa yakafunguka kama pazia, naye akashuka mpaka nchi ya chini, huko zinakokwenda sauti zote zilizoita na zisijibiwe. Alikwenda kuitafuta sauti ya bibi yake. Aliipata, akapanda nayo juu, ngoma ikavunjika, na ziwa likafunga likawa maji matupu. Eulalie alipofika hapo alilia kidogo, akaona fahari kidogo, akaenda kulala.

Sasa Padri Grégoire alitaka kitabu cha pili.

Padri huyo aliendesha mashine ndogo ya kuchapa vitabu nyuma ya parokia, na hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Lakini kitabu cha Nabintu kilikwisha chote. Watu walikuja kukiuliza kutoka Kalehe na hata kutoka kisiwani. Basi alikuwa ameficha karatasi kabatini, katika mwaka ambao karatasi Bukavu ilikuwa adimu kama sukari, na alimwambia Eulalie waziwazi: kiangazi kikiingia bila kitabu, karatasi itachapa nyimbo za kanisa, na ya kuja baada ya hiyo Mungu peke yake anaijua. Eulalie aliitikia, akainama, akatoka. Alielewa vizuri. Kitabu cha pili kingekuwepo sasa, au kisingekuwepo kabisa.

Alikuwa amesomea ualimu akahitimu vizuri. Ila darasa zima lilipomgeuzia macho, sauti ilimkauka kooni, kwa hiyo wakampa kazi ya maktaba ya parokia, ambako macho yako kwenye vitabu. Asubuhi aliazimisha vitabu. Mchana alipanda nyumbani Nyalukemba, akakaa kwenye meza ya kulia chakula na kuanza kuandika, na jioni akayapeleka aliyoandika jikoni kuwashia moto.

Alikwisha kujaribu kumpa Nabintu ngoma ya pili, iliyofichwa na babu darini. Ilikuwa ngoma ya uongo. Msomaji angeuliza babu huyo alikuwa wapi siku zote zile. Alijaribu tetemeko la ardhi, likapasua sakafu ya ziwa, na Nabintu akaanguka chini kama gunia la mihogo. Hilo nalo alilichoma.

Mama yake, Maman Bibiane, alikuwa akichambua maharagwe mlangoni na kuona karatasi zikipita kwenda jikoni.

“Weye,” alisema, “unafunga mulango, unatupa ufunguo mu ziwa, kisha unakaa inje unalia eti baridi.”

Eulalie alicheka, maana ilikuwa kweli. Lakini ufunguo haukuwa shida yote. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mama yake, kwa sababu hakulijua vizuri yeye mwenyewe. Mara ya kwanza Nabintu hakujua kilichokuwa chini ya maji, na Eulalie pia hakujua; walishuka pamoja wakishikana mikono, kila mmoja akimwogopea mwenzake. Walipofika kwenye soko la sauti, huko vilio vinakoning'inizwa kama vikwembe vya kuuza, Eulalie alishangaa sawa na Nabintu. Sasa wote wawili waliijua njia. Mtu atashangaa vipi mara ya pili mahali alipokwisha kushangaa?

Alitaka kulijua hilo kwa macho yake. Basi siku moja aliteremka hadi mahali ziwa linapogeuka kuwa mto Ruzizi. Utotoni, alipopelekwa hapo na baba yake, alisimama kinywa wazi: maji yaliyokuwa yamekaa kimya kama mchungaji aliyechoka yakainuka ghafla na kuanza safari. Alisimama tena palepale. Mto ulionekana mdogo. Mwanamke mmoja alikuwa akifua. Eulalie alingoja mshangao uje, haukuja, ila alipokuwa akigeuka kuondoka aligundua kwamba alikuwa akijaribu kuona ni tone lipi la maji ambalo bado ni ziwa na lipi limekwisha kuwa mto. Utotoni hakuuliza hivyo. Alirudi nyumbani akilitafuna swali hilo, bila kujua alifanyie nini.

Wiki ile Masera Adolphine, mtawa aliyekuwa akisimamia bweni la shule ya wasichana si mbali na kwao, alipita maktabani. Alisema wasichana wake wamekisoma kitabu mpaka kimechakaa, na wangependa kumwona mwandishi. Eulalie alitoa sababu zote alizokuwa nazo: kazi, mafua, mvua. Masera alizisikiliza kwa upole akasema, basi, Jumamosi. Na Eulalie, aliyekuwa mwoga, lakini ambaye udadisi wake ulikuwa na nguvu kuliko woga wake kwa kiasi kidogo tu, akaona angependa kujua ni ukurasa gani uliobaki vichwani mwao.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya mikono ambayo Zaïre nzima ililazimika kuifanya asubuhi hiyo, kila mtu mahali pake. Masera hakuwa amefika. Wasichana walikuwa wametawanyika kwenye mteremko nyuma ya bweni wakipalilia, ziwa likiwa chini yao, na hakuna aliyemgeukia mgeni. Kitabu hakikuwa na picha yake. Kwenye jalada aliitwa Nsimire, jina la kwao, kwa kuwa sheria za miaka ile hazikutaka majina ya ubatizo kwenye maandishi. Eulalie lilibaki jina la nyumbani. Basi akasimama karibu na ukuta kama mtu aliyekuja kuuza mayai, akasikiliza.

Walikuwa wanabishana juu ya Nabintu.

Msichana mrefu, jembe begani, alikuwa akisema kwamba Nabintu hawezi kuolewa hata kidogo, maana padri atamfungisha nani? Mwingine, mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alijibu kwamba ndoa si kitu, taabu ni mtihani wa taifa: ataandika nini juu ya karatasi? Wengine wakacheka. Mrefu akasema kwamba mtu aliyeacha jina lake chini ya ziwa hana haja ya diploma.

Eulalie alifikiri amekosea kitabu. Hakuwa ameandika jambo kama hilo. Nabintu wake alipanda juu na kila kitu chake, na jina lake, na viatu vyake.

Masera Adolphine alitokea akihema kwa kupanda ngazi, akapiga makofi, akawaambia ni nani aliyesimama ukutani. Majembe yalianguka. Wasichana wakamzunguka, na Eulalie akahisi koo linaanza kukauka kama zamani, lakini yule mfupi hakumpa nafasi ya kunyamaza. Aliitwa Noëlla, kwenye orodha ya shule alikuwa Furaha, na aliyataja yote mawili kwa pumzi moja, kama watu wote walivyozoea.

“Madame,” alisema, “Nabintu atarudia jina yake siku gani?”

“Jina gani?” Eulalie aliuliza.

Wakatazamana. Kisha wakasema wote pamoja, na ilichukua muda kabla hajaweza kuutoa ukweli katika kelele zile.

Shule ilikuwa na kitabu kimoja tu, alichokinunua Masera. Wasichana walikuwa wengi. Basi walifanya walichofanya kwa kila kitabu kilichowapendeza: walitoa pini za mgongo wa kitabu, wakakigawa vipande, na kila kipande kikatembea kitanda hadi kitanda, wa kwanza mbele, wa pili nyuma, kama foleni ya kisima. Kipande cha mwisho kilikuwa kwa msichana aliyeitwa Jeanine. Likizo ilipofika, Jeanine alikwenda nacho kwao Kalehe, na huko akaolewa. Hakurudi, wala kipande hakikurudi.

“Sisi tulibaki na Nabintu chini,” alisema yule mrefu, Constance. “Ameshika sauti ya koko yake, maji iko nafunga, na hatujue kama anatoka. Tungefanya nini? Tumuache kule?”

Kwa hiyo waliitisha mkutano. Kila mmoja alileta mwisho wake. Mmoja alitaka Nabintu aolewe na mlinzi wa soko la sauti, huyo alizomewa. Mmoja alitaka afe. Huyo alilia mwenyewe kabla hajamaliza kusema. Ndipo mtu akasema kwamba nchi kama ile haiwezi kukuachia sauti bure. Lazima mtu aache dhamana. Na Nabintu hakuwa na kitu kingine mwilini ila jina. Walipigia makofi mwisho huo, na ukapita, kama mambo yote yalivyokuwa yakipita katika miaka ile, na tangu hapo wanafunzi wapya wote walisimuliwa hivyo. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Hakuna hata mmoja bwenini aliyejua kuna ngoma iliyovunjika.

Kwanza Eulalie alihisi kitu kikimchoma. Ule mwisho wake aliuandika na kuuandika upya mvua nzima na kiangazi kizima. Alichagua kila neno. Na hawa hapa, wenye udongo magotini, walikuwa wamepiga makofi mara moja na kuuzika. Alitaka kusema, hapana, si hivyo. Alifungua kinywa kusema. Kilichotoka kilikuwa swali.

“Nyumbani wanamwitaje?”

“Banamwita wewe,” Noëlla alijibu mara moja. “Mama yake anapika, anatoka mu kiwanja, anafungua kinywa, jina haitoke. Anasema tu: wewe, kuya kula. Na watoto wote ba jirani wanakuya.”

Wasichana walicheka, na Eulalie alicheka, kisha akaacha. Alimwona mama huyo. Alimwona amesimama na mwiko, akiwalisha watoto wa watu.

Aliketi kwenye nyasi zilizokatwa, bila kujali sketi yake, akauliza tena. Je, Nabintu mwenyewe analikumbuka? Hapana, walisema, ila akilisikia mtu mwingine akiitwa hivyo, sikio linamwasha. Je, bibi yake aliyerudishiwa sauti, yeye analikumbuka? Hapo walibishana. Wengine walisema bibi ndiye peke yake anayeweza kulitamka, lakini hataki, kwa aibu, kwa kuwa mjukuu alilitoa kwa ajili yake. Wengine walisema bibi amezeeka na amesahau kama wazee wote. Na huko chini, aliuliza Eulalie, jina liko wapi? Limetundikwa sokoni pamoja na vilio?

Hilo hawakuwahi kulipigia makofi.

“Mimi nafikiri iko mutu analivaa,” Constance alisema polepole. “Jina haikae bure, Madame. Mutu akitoka mu nyumba, mwingine anaingia.”

Wenzake wakampinga. Nani huyo? Ametoka wapi? Constance alisema hajui, ndiyo maana anamuuliza mwandishi. Na wote wakamgeukia Eulalie, naye akatambua kwamba hakujua hata kidogo, kwamba chini ya ziwa alilolitengeneza mwenyewe kulikuwa na mtu anayetembea ambaye hajawahi kumwona. Ilikuwa muda mrefu hajajisikia hivyo. Alitamani kuwa na kalamu.

Lakini hawakumwacha hapo. Noëlla alisema si haki: wao wamesema mwisho wao, na yeye aseme wake. Eulalie hakuwa na kitabu mkononi, wala hakukihitaji. Aliusema kwa moyo, kwa sauti ndogo hata wa nyuma wakasogea: Nabintu anapanda na sauti ya bibi ndani ya kibuyu, mapambazuko ufukoni Idjwi, watu wamekusanyika na mienge imezimika, maji yanafunga nyuma yake. Alifika kwenye sentensi aliyoipenda kuliko zote. “Nabintu akawaambia ngoma imevunjika, nao wakaamini, wakarudi majumbani mwao mmoja mmoja, na ziwa likabaki peke yake.”

Ndege mmoja alikuwa akisumbuka kwenye mikaratusi. Eulalie aliwatazama nyuso na akaona wameguswa, na kwa dakika hiyo alikuwa na furaha tupu.

“Iko muzuri,” Constance alisema mwishoni. “Muzuri sana kupita yetu. Lakini imeisha, Madame.”

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeonyesha sahani iliyoliwa vizuri. Na Eulalie akaelewa kwa nini karatasi zake zote zilikwenda jikoni. Alikuwa amejenga nyumba nzuri isiyo na mlango, kwa kuwa siku ile hakutaka mtu yeyote atoke. Mwisho wa wasichana ulikuwa na mkono mmoja uliobaki umenyooshwa. Ulikuwa unadai kitu.

Hata hivyo, kitabu kilikwisha kuchapwa. Kilikuwa Kalehe, kilikuwa Idjwi, kilikuwa katika nyumba ambazo hakuna aliyepoteza kipande. Aliwaambia hivyo wasichana kwa huzuni. Hawezi kwenda nyumba hadi nyumba kuyafuta maneno. Ngoma imevunjika, na haiungiki tena.

Noëlla alikuwa amekunja uso kwa kufikiri.

“Nani aliiona ikivunjika?” aliuliza.

“Nabintu.”

“Nabintu alisema tu. Weye umesema: akawaambia. Batu ba kule inje hawakuona. Na sisi hatukuona.”

Eulalie aliirudia sentensi kichwani, mara moja, mara ya pili. Ni kweli. Hakuwahi kuivunja ngoma. Alijikumbuka mezani siku ile: amechoka, hajui ngoma hupasuka kwa mlio gani, na badala ya kwenda kuuliza, akamwachia Nabintu aseme tu kwamba imekwisha. Alidhani ni ufundi. Ulikuwa uvivu. Na sasa uvivu huo ulikuwa umeacha ufa, mwembamba lakini wa kutosha. Nabintu alikuwa amewadanganya watu wa ufukoni. Alirudi bila jina, akaona aibu, na kabla mtu hajamwuliza chochote akasema la ngoma, ili asiwepo wa kumfuata huko chini. Eulalie alimhurumia, kana kwamba msichana huyo alikuwa ameibeba siri hiyo peke yake muda wote huu, na mwandishi wake hakumwuliza.

Masera alilazimika kuwarudisha kwenye majembe.

Jumatatu Eulalie alikwenda kwa Padri Grégoire kabla ya maktaba kufunguliwa. Alimkuta na mikono ya wino, akamweleza yote, haraka, akitazama sakafu. Padri alifurahia ufa. Alisema wasichana hao wangefaa kuwa mahakimu. Kisha akalifikiria jina lililoachwa chini ya ziwa, na uso wake ukabadilika. Alikwenda akafunga mlango. Juu ya mlango huo, upande wa nje, kulikuwa na kibao chenye jina jingine, lile la serikali. Grégoire lilikuwa jina ambalo mama yake mzazi bado alimwita, na ambalo hakuwa ameliandika mahali popote tangu amri ilipotoka.

“Msichana anayelazimika kuacha jina lake,” alisema kwa sauti ya chini. “Katika kitabu. Na kitabu kinatoka katika nyumba hii.”

Eulalie alisema hakuwa amelifikiria upande huo. Kisha, kwa kuwa hakujua kusema uongo, alisema labda wasichana walilifikiria, au labda hawakulifikiria ila lilikuwa ndani yao, maana kila mmoja wao anayo mawili na lazima akumbuke ni lipi la wapi.

Padri alimshauri abadilishe. Nabintu aache nywele. Aache kivuli. Kuna vitu vingi ambavyo mtu anaweza kuacha chini ya ziwa bila kumletea padri wageni ofisini. Angekichapa kesho.

Ilikuwa njia rahisi, na Eulalie aliyezoea kuitikia na kuinama alihisi shingo yake ikianza kuinama yenyewe. Alijaribu, pale pale amesimama. Alimwondolea Nabintu kivuli. Alimtazama mama wa Nabintu akitoka uwanjani na mwiko, akafungua kinywa, akamwita binti yake kwa jina, na binti akaja akala. Basi. Hapakuwa na kitu tena.

“Haiwezekani, Padri,” alisema. Alishangaa kusikia sauti yake iko mahali pake. “Kwa kivuli hatashuka tena. Mtu anaishi bila kivuli. Kama si jina, tafadhali chapeni nyimbo.”

Padri Grégoire alichukua kitambaa. Alijipangusa vidole kimoja kimoja, wino ukaingia zaidi kuliko kutoka. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Padri alisema, kana kwamba anazungumza na kitambaa, kwamba ngano ni ngano. Msichana aliyeshuka chini ya ziwa kwa kupiga ngoma hajawahi kuandikwa kwenye daftari la mtaa wowote. Na mtu mkubwa akija kusema amejiona humo, itabidi kwanza aeleze alikuwa akitafuta nini katika kitabu cha watoto. Alisema nyimbo za kanisa watu wanazijua kwa moyo, zinaweza kungoja. Lakini alitaka sura za mwanzo kabla ya Pentekoste, na alitaka azisome yeye kwanza, peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Eulalie alishukuru, akashika kitasa.

“Ngoja,” Padri alisema. “Huyo wa chini. Anayelivaa jina.”

“Ndiyo, Padri.”

“Nabintu akija kulidai. Yeye atabaki anaitwa nani?”

Eulalie alisimama na mkono kwenye kitasa. Hakuwa amefika huko. Hakuna aliyekuwa amefika huko, si Constance, si bweni zima. Aliliona soko la sauti kwa mbali, na katikati ya vilio vilivyoning'inia, kwa mara ya kwanza, akamwona msichana mwingine amempa mgongo, akigeuka kwa sababu ameitwa. Uso haukuonekana bado.

Alirudi, akaketi kwenye kiti cha wageni, akaomba kalamu.